Unguja: hoteli yenye madarasa, au kwa mafundi wenyewe mjini?

Kaskazi: Wadau, salaam. Desemba tunavuka Unguja siku sita, mimi, mume wangu na watoto wawili, wa miaka 9 na 13. Safari hii tunataka turudi na kitu tulichojifunza kwa mikono. Chaguo la kwanza ni hoteli ya ufukweni Paje yenye madarasa kila siku: mapishi, uchoraji, ngoma. La pili, tulale nyumba ya wageni Mji Mkongwe tujitafutie walimu. Mliojaribu, nisaidieni.

Mwanatanga: Dada, tulishakaa hoteli ya aina hiyo, jina silitaji. Darasa la mapishi lilikuwa saa moja. Nazi tuliikuta imekunwa, viungo vimetwangwa, sisi kazi yetu kukoroga. Binti yangu hakukalia mbuzi hata dakika moja! Mwaka uliofuata mama mmoja wa mjini alianza nasi sokoni Darajani. Tukachagua ngisi, tukakuna nazi, tukakamua tui zito, kisha jepesi. Asubuhi nzima ikaishia jikoni. Leo binti huyo anapika mchuzi wa ngisi bila kuniuliza.

Ganuni: Mjini kuna pia Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, kipo tangu 2002. Ganuni, ala ya nyuzi ya taarab, ina nyuzi zaidi ya 70, kwa siku sita usiiwaze. Ila mapigo ya dumbaki, ngoma ndogo ya mkono, huyo wa miaka 13 atayashika. Waandikieni mapema.

Kaskazi: Ahsanteni. Na uchoraji je? Mdogo anataka tingatinga.

Mwanatanga: Waulize darasa linachukua siku ngapi. Edward Saidi Tingatinga aliuanzisha uchoraji huo Dar mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za baiskeli, na rangi hizo hazikauki upesi. Unapaka usuli, yaani rangi ya nyuma, unasubiri, ndipo mnyama, ndipo madoa. Wakikwambia mchana mmoja mnamaliza, basi usuli wameshaupaka wao.

Bamvua: Mimi nawatetea watu wa Paje kidogo. Kinamama wa mwani huko ni walimu hasa: watakuonyesha kufunga mbegu kwenye kamba na kupigilia mambo, yaani vigingi. Lakini wanafuata mwezi. Bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji yanakupwa mpaka mashambani kunafikika kwa miguu. Hoteli iliyoandika "mwani, kila Jumanne" haijautazama mwezi. Jumanne ya maji mafu, yasiyokupwa sana, mtabaki mchangani. Sabuni ya mwani mtaitengeneza, ila hukaa wiki kadhaa kabla ya kutumika, kwa hiyo mtabeba iliyotangulia.

Kaskazi: Basi siku nne mjini, mbili Paje, na tarehe nazipanga kwa mwezi. Hoteli nitachukua ya kulala tu.

Bamvua: Vizuri, bibie. Watoto waje na raba kuukuu, chini kuna miba. Na mfike kabla maji hayajaanza kujaa, kinamama hawangoji mtu.