Tupeane uzoefu: nani ameshatumia taa ya mwanga mkali ile miezi ya mawingu na giza?

Mleta mada
Wakuu habari za muda huu. Naomba tuongee kuhusu hii miezi ambayo jua halionekani, toka asubuhi mpaka jioni mbingu ni kijivu tu. Mimi mwili unagoma kabisa, nalala weee naamka nimechoka vilevile, hamu ya kazi hamna, simu za watu naziangalia zinaita mpaka zinakata, halafu jua likirudi nakuwa mtu mwingine. Ndugu wanasema uvivu, ila kitaalamu ni sonona ya msimu, kuna daktari Norman Rosenthal na wenzake waliielezea toka 1984 huko Marekani.

Nina taa ya luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga, kwenye boksi wanaandika lx). Naiweka pembeni ya kompyuta, juu kidogo ya usawa wa macho, nawasha nikishaamka tu, nusu saa hivi huku najibu meseji, siikodolei macho. Inanisaidia aisee, ila kilichobadilika kwanza sio furaha, ni usingizi. Nilianza kusinzia mapema usiku, na asubuhi ile hali ya kuzima alamu na kurudi kulala ikapungua, furaha ilikuja nyuma yake taratibu. Nyie mmeonaje?

Pazia_Wazi
Taa ya nini mkuu, mimi nafungua pazia tu 😂

Mtembezi
@Pazia_Wazi inategemea na dirisha. Nilipakua programu ya kupima mwanga kwenye simu (sio sahihi sana ila inakupa picha), sebuleni taa zote zimewashwa napata luksi mia mbili na kitu, nikasimama nje chini ya mawingu mazito ikasoma elfu kadhaa! Jicho linakudanganya kwa sababu linajirekebisha lenyewe, unaona ndani kuna mwanga wa kutosha kumbe ni giza. Kwa hiyo mimi taa sina, dawa yangu ni kutoka. Nikiamka tu navaa koti natembea, hata manyunyu yakiwepo. Siku nikikaa ndani mpaka mchana najijua kabisa, jioni nakuwa mkali bila sababu.

Mama_Wawili
Mtembezi una bahati, wengine tunatoka nyumbani giza tunarudi giza, na asubuhi una watoto wa kuvalisha, hiyo matembezi utafanya saa ngapi?

Mimi taa yangu ilinipa maumivu ya kichwa mwanzoni, na macho kuwa mazito. Nikapunguza dakika, nikaisogeza nyuma kidogo, nikawa naongeza polepole mpaka nikazoea. Ila wanaotaka kununua wasome maandishi madogo jamani. Kuna taa inaandikwa 10,000 kwa herufi kubwa halafu chini wanakwambia ni ukikaa sentimita 15, yaani uso uwe umeigusa! Ukikaa mbali mara mbili mwanga unashuka mpaka karibu robo, sasa hapo umebaki na nini? Hizo taa ndogo ndogo za urembo mimi siziamini.

Kaka_Mtu
Naomba niseme kitu hapa maana naona watu wanashangilia tu. Mdogo wangu ana baipola, ule ugonjwa wa akili ambao mtu kuna kipindi anazama kwenye sonona na kipindi kingine anachangamka kupita kiasi. Alianza kutumia taa hizi kila asubuhi bila kumwambia daktari wake, mwanzo tukafurahi kachangamka, baadae ikapitiliza, saa nane usiku unamkuta kashusha vyombo vyote chini anapanga makabati upya huku anaongea bila kupumua, ana mipango ya biashara nane. Ilibidi tumrudishe hospitali. Mwanga mkali unaweza kumrusha mtu wa baipola upande wa pili, kwa hiyo kwa wenye hiyo hali ni mpaka daktari ajue na asimamie. Vilevile wenye ugonjwa wa retina (ile sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga), na wanaokunywa dawa zinazofanya mwili usipatane na mwanga, ile antibiotiki ya doksisaiklini ni mojawapo, waulize kwanza.

Swali_Tu
Kwa hiyo hiyo taa inaongeza vitamini D?

Mama_Wawili
Hapana mpendwa. Taa nzuri inachuja mionzi ya UV, na vitamini D inatengenezwa kwenye ngozi kwa hiyo mionzi. Hii inafanya kazi kupitia macho, kuna seli kwenye retina zinapeleka taarifa kwenye saa ya mwili ndani ya ubongo kwamba kumekucha, melatonini (homoni ya usingizi) ishuke. Ndo maana ukifumba macho unapoteza umeme bure.

Kimya_Kimya
Mimi taa peke yake haikunitosha. Asubuhi ilikuwa inanisaidia kuamka ndio, ila ule uzito kifuani ulibaki palepale, mpaka nikaenda kwa daktari nikaanza dawa, sasa natumia vyote viwili. Yeye ndo aliniambia kuna utafiti wa Kanada wa 2006 walilinganisha taa na fluoksetini, dawa ya sonona, matokeo yakakaribiana sana, kwa hiyo taa sio mambo ya kienyeji, lakini pia sio kila mtu inamtosha. Na kama umefika pale pa kuona bora kufa, usikae unasubiri taa ifanye kazi, mwambie mtu leo hii na uende hospitali.

Mleta mada
@Kimya_Kimya pole sana na asante kwa kusema. @Kaka_Mtu hiyo ya baipola nilikuwa siijui. Swali kwa wazoefu, nikichelewa kuamka naweza kuiwasha jioni?

Mama_Wawili
Wee, jioni usithubutu, inasogeza saa ya mwili nyuma, utakesha. Ikipita mchana mimi siigusi, nasubiri kesho.

Pazia_Wazi
Haya nimepima na mimi. Pazia wazi, nimekaa kwenye kochi langu, luksi 180 😳 naombeni muongozo wa kuchagua taa