Mahitaji ya asidi amino kabla ya hedhi

Binti wa Ujiji: Shikamooni, dada zangu. Siku chache kabla ya hedhi njaa hunizidi. Je, ni kweli kwamba mwili huhitaji protini zaidi wakati huo?

Muuguzi, Kasulu: Marahaba, mdogo wangu. Ni kweli, ingawa ongezeko ni dogo. Baada ya yai kupevuka, homoni ya projesteroni hupanda, joto la mwili huongezeka kwa takriban nusu digrii, na protini huvunjwa kwa kasi zaidi, hivyo baadhi ya asidi amino (chembe zinazojenga protini), lisini ikiwemo, hupungua katika damu.

Mama wa Mwanga: Unga wa protini wa bei ghali si lazima. Dagaa wetu wana lisini nyingi, ambayo mahindi yana upungufu nayo. Maharage nayo hufaa.

Binti wa Ujiji: Asanteni. Kumbe ugali wangu kwa mchicha mtupu haukutosha.