Hesabu za shule na karata za nyumbani: maoni ambayo najua hayatapendwa

Kutoka: Mama wa watatu, Reading

Ndugu zangu, salaam.

Tangu matokeo ya Agosti yatoke nimekuwa nikisoma humu jukwaani ushauri wanaopewa wazazi ambao watoto wao wamepata alama ya 3 katika Hisabati ya GCSE, mtihani wa kumalizia sekondari hapa England, na karibu wote unakwenda njia moja: mtoto anyang'anywe simu, mashine ya michezo ifungiwe kabatini, mpira wa Jumamosi usimame, na itafutwe tuisheni haraka iwezekanavyo. Naomba radhi mapema kwa wakubwa zangu, maana mimi naupinga ushauri huo baada ya kuufuata wote. Mwanangu wa kwanza alikaa mwaka mzima bila mpira na bila mchezo wa aina yoyote. Tuisheni peke yake, pauni 30 kwa saa kwa wiki 40, ilinigharimu pauni 1,200. Na aliporudia mtihani alipata 3 ileile.

Kwa faida ya waliofika karibuni, nieleze kwanza utaratibu wa hapa England, kwa kuwa Scotland wana wa kwao. Alama zinatoka 9, ambayo ndiyo ya juu, mpaka 1, na inayohesabiwa kuwa mtu amepita ni 4. Tangu mwaka 2014 kuna sharti kwamba kijana asiyeipata aendelee kusoma Hisabati mpaka atimize miaka 18, hata kama chuoni anasomea ushonaji au ufundi bomba, na chuo kisichomfundisha kinaweza kupoteza fedha za serikali zinazotolewa kwa ajili yake. Aliyepata 3 hana budi kurudia GCSE yenyewe. Aliyepata 2 au chini yake anaruhusiwa kufanya Functional Skills, ambayo ni hesabu za matumizi ya kila siku. Mwaka 2024, kati ya watahiniwa wa Hisabati wenye umri wa miaka 17 na kuendelea, waliopata 4 au zaidi walikuwa takriban 17 katika kila 100. Chukueni darasa la vijana thelathini wanaorudia: wanaotoka humo wamepita ni kama watano. Sharti lililoandikwa kwa nia njema limegeuka kuwa kiwanda cha kuwafundisha watoto kwamba wao ni wajinga, tena mara mbili kwa mwaka, Novemba na Juni.

Kosa langu mimi lilianza mapema zaidi. Mwanangu alipokuwa mwaka wa kumi wa masomo (Year 10), shule ilileta barua kwamba amepangwa Foundation, nami, niliyesomea Tanga, nilitafsiri kichwani: msingi. Nikamshukuru Mungu kwamba wanamjengea mtoto msingi imara. Ilinichukua zaidi ya mwaka kuelewa kwamba mtihani huu una ngazi mbili, na kwamba anayefanya karatasi za Foundation, hata akijibu maswali yote bila kosa, hawezi kuvuka alama ya 5, ilhali karatasi za Higher ndizo zinazofika mpaka 9. Sisemi shule ilikosea kumpanga huko. Pengine ndipo palipomfaa. Ninachosema ni kwamba niliitia saini karatasi nisiyoielewa, na hakuna aliyeniuliza kama nimeielewa.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwezi wa saba kaka yangu alikuja kututembelea kutoka Unguja, na kwa kuwa hana subira na runinga, siku ya pili alitoa karata mfukoni akawafundisha watoto wahedi wa sitini. Wanaoujua mchezo watakumbuka kwamba ree, yaani karata ya A, ina thamani ya 11, saba ina 10, na wazungu, yaani karata za picha, wanahesabiwa kwa majina yao: mzungu wa nne, wa tatu na wa pili. Kila rangi, iwe shupaza, kopa, pau au uru, inabeba 30, jumla yake 120, na upande uliofikisha 61 ndio ulioshinda. Jioni ya tatu nilikuwa jikoni nikikaanga samaki, nikamsikia mwanangu akimwambia mjomba wake, bila kalamu wala kikokotoo, "Sisi tuna 47, zimebaki 14. Ree na mzungu wa tatu bado hazijatoka, na wewe hunazo, maana ungeshazitupa." Nilizima jiko. Huyu ndiye mtoto ambaye taarifa yake ya shule ilisema hamudu kujumlisha na kutoa kichwani, na hapo alikuwa anatoa, anajumlisha, anakumbuka karata zilizopita na kukisia zilizofichwa, tena akiwa anacheka.

Maoni yangu ya kwanza, basi, ni kwamba tunapompokonya mtoto burudani ili apate hesabu, mara nyingi tunampokonya mahali pekee ambapo hesabu haimtishi. Mpira nao ni vivyo hivyo: kijana anayejua kwamba timu yake ikishinda mbili na kutoa sare moja itafikisha pointi 68, na kwamba wakilingana itaangaliwa tofauti ya mabao, ambayo huenda chini ya sifuri, tayari anatumia namba hasi. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia kuwa hizo ndizo hesabu zenyewe.

Maoni ya pili yatawaudhi akina baba zaidi. Wapo wanaomfungia mtoto mashine ya michezo Ijumaa usiku kwa sababu ya alama ya 3, kisha Jumamosi asubuhi wanaweka mkeka wa kubeti wa mechi tano. Swali la namna hiyo liko ndani ya karatasi za mtoto, kwenye mada ya uwezekano. Tuseme kila mechi ina nafasi sawa ya kupata na ya kukosa: nusu mara nusu, mpaka zitimie nusu tano, na mkeka wote utatiki mara moja katika 32. Mkeka ukichanika tunamlaumu mlinda mlango. Mimi naona anayestahili tuisheni hapo si mtoto.

Na ili nisionekane nawasema wengine tu, nilimpa binti yangu wa miaka 13 taarifa ya benki nikamwomba ajumlishe kila tunacholipia burudani. Mbali na leseni ya runinga, tulikuwa tunalipa pauni 58 kwa mwezi, yaani 696 kwa mwaka, kwa huduma nne, na mbili kati yake hakuna aliyezifungua tangu Pasaka. Mimi ndiye niliyesoma Hisabati mpaka kidato cha sita.

Kutoka: Mwalimu, Leicester

Dada yangu wa Reading, nimekuelewa na nimecheka kwa habari ya msingi imara, lakini ruhusu niwe mkali kidogo, kwa kuwa nilifundisha Hisabati Morogoro kabla ya kuja huku na sasa nawasaidia vijana haohao wanaorudia.

Karata hazifundishi aljebra. Nimekulia kwenye baraza la bao, na naweza kukuonyesha wazee ambao, kabla hawajainua kete, wanajua ya mwisho itaangukia shimo lipi kati ya yale 32, na kete zote zikiwa 64. Mwombe mzee huyo akuandikie amejuaje, atakutazama tu. Mtihani wa GCSE wa Hisabati kwa kawaida una karatasi tatu za dakika tisini kila moja, ya kwanza bila kikokotoo, na sehemu kubwa ya maksi hutolewa kwa hatua zilizoandikwa. Mwanao anajua kwamba zimebaki 14; asipoandika 61 kutoa 47, na swali likawa refu, akikosea jibu la mwisho anatoka mikono mitupu. Watoto wetu wengi wanaangukia hapo, na dawa yake ni mazoezi ya kuandika, ambayo kwa kweli hayana raha yoyote.

Kuhusu ngazi za mtihani, niongeze jambo ambalo wazazi hawaambiwi. Karatasi zote tatu kwa kawaida zina jumla ya maksi 240. Kwa Foundation, alama ya 4 inahitaji zaidi ya nusu ya maksi hizo. Kwa Higher, inahitaji karibu moja ya tano, ingawa maswali ni magumu zaidi na mipaka hubadilika kila mwaka. Yupo mtoto anayefaa njia hii na yupo anayefaa ile. Mzazi aende shuleni mwaka wa kumi, aulize mtoto amepangwa ngazi gani na kwa sababu gani, na aulize tena kabla majina hayajapelekwa kwenye bodi ya mitihani. Kikao cha dakika kumi wakati huo kina thamani kuliko tuisheni ya pauni 1,200 baadaye.

Na sharti lenyewe mimi naliunga mkono, ingawa najua katika jukwaa hili niko peke yangu. Bila 4, au cheti kinachokubaliwa badala yake, uuguzi umefungwa na ualimu umefungwa. Wenzetu wa Kenya wamelipitia jambo hili mwaka 2025: ilionekana kwamba Hisabati ingekuwa ya hiari kwa baadhi ya wanafunzi wa sekondari ya juu, watu wakapiga kelele, na wizara ikatangaza kwamba kila mmoja ataisoma, ila kwa namna mbili, nzito kwa wa sayansi na nyepesi kwa wengine. Huo ndio mpango ninaoutaka hapa. Hisabati ibaki lazima, lakini mtihani usiwe uleule kwa kila mtu.

Habari ya mikeka sitaigusa. Mke wangu naye yumo humu.

Kutoka: Baba wa Northampton

Nawasalimu wote. Mimi ni mhudumu wa wazee, na miaka miwili iliyopita, nikiwa na miaka 41, nilifanya Functional Skills ngazi ya pili ili niombe nafasi ya kusomea uuguzi. Sikulipa chochote, kwa kuwa mtu mzima asiye na alama ya 4, akitimiza masharti ya ukaazi, hugharimiwa na serikali. Vyuo vikuu vingi huikubali, lakini si vyote, kwa hiyo ulizeni kwanza kabla ya kujiandikisha.

Maoni yangu yasiyopendwa ni kwamba kozi ile ilinifaa kuliko miaka yangu yote minne ya sekondari. Tuliulizwa vigae vingapi vitatosha sakafu ya bafu, mkopo upi una riba nafuu, na basi lipi litamfikisha mtu kazini kabla ya saa moja asubuhi. Kidato cha nne nilikariri kanuni ya kutafuta majibu ya mlinganyo wa kipeo cha pili na mpaka leo sijakutana nayo njiani. Kwetu watu huiita Functional Skills hesabu za walioshindwa, na nimemsikia mama mmoja akimficha mwanawe kwa wageni kwa sababu hiyo. Kijana mwenyewe alikuwa ameketi ngazini akisikia kila neno.

Kuhusu leseni ya runinga, kwa kuwa imetajwa: kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 174.50 kwa mwaka. Unaihitaji ukitazama kitu chochote kinachorushwa moja kwa moja, kwa chombo chochote, iwe simu au kompyuta, na ukitumia BBC iPlayer. Anayetazama tu filamu za kuchagua mwenyewe kwenye huduma nyingine hahitajiki kuwa nayo, na anaweza kuwaandikia kuwajulisha, nao huacha kuleta barua kwa muda. Lakini mpira wa moja kwa moja ni runinga ya moja kwa moja, ndugu zangu, hata ukiutazamia chooni.

Kutoka: Mama wa watatu, Reading

Mwalimu, shikamoo. Umenishinda katika jambo la kuandika hatua. Jana nilichukua karatasi moja ya zamani nikaketi na mwanangu, na kweli, katika swali la uwiano, lile la unga, sukari na siagi, alitoa jibu sahihi akaliandika peke yake pembeni kama namba ya simu. Nikamwuliza umelipataje, akasema, "Limekuja." Kwa hiyo sasa tuna utaratibu mpya: akicheza karata, yeye ndiye mwandishi, na kila raundi anaandika kilichokuwapo, kilichoongezwa na kilichobaki, mstari chini ya mstari. Mdogo wake anamkagua kwa ukali ambao hakuna mwalimu angethubutu kuutumia.

Kuhusu sharti, bado sikubaliani nawe. Mtoto aliyepata 3 ndiye anayekaribia kabisa, na ndiye asiye na ruhusa ya kuchagua. Aliyepata 2 amefunguliwa mlango wa pili. Sijaona mtu anayeweza kunieleza mantiki hiyo nikaielewa.

Baba wa Northampton, ahsante kwa maelezo ya leseni. Nimefuta zile huduma mbili, na mpira tumeurudisha. Mazoezi ni Jumamosi saa nne, na kijana anarudi saa sita akiwa na njaa na tope mpaka masikioni, kisha anafanya karatasi moja baada ya kula. Anarudia mtihani Novemba, na majibu yatatoka Januari.

Mwalimu, najua Leicester si karibu, lakini ukipata nafasi mwishoni mwa wiki yoyote kabla ya hapo, njoo na wifi yangu. Kaka amerudi Unguja na kutuachia karata zake. Wachezaji tumebaki watatu, na mchezo unataka wanne.