Gumzo la "Ukoo na Majirani": Meru kabla ya masika

Dogo Eli: Wakuu habari za jioni. Ile safari ya Mlima Meru bado ipo au ndo tumeizika kama ile ya Chemka?? Me napendekeza Pasaka, kazini kuna mapumziko, siku nne zinapatikana bila kumbembeleza bosi

Mama Nai: Ipo. Pasaka mimi nipo

Shangazi wa Mbeya: Na mimi nihesabuni, nitapanda basi mapema nifikie kwa Mama Nai. Babu shikamoo

Babu: Marahaba. Mlima gani tena huo na magoti yako

Shangazi wa Mbeya: 😂😂 baba magoti yangu yako salama

Baba Nai: Pasaka hapana. Naomba mnisikilize kabla hamjaanza kuchanga hela. Pasaka inaangukia Aprili na Aprili ndo masika yenyewe, mlima uko wazi, geti watakupokea vizuri tu na hela yako wataichukua, ila utatembea ndani ya wingu siku zote nne, kreta huioni, Kilimanjaro huioni, na usiku wa kwenda kileleni ile miamba ya baada ya Rhino Point ikilowa hapo ndo watu wanageuzwa. Nimebeba mizigo ya wageni mlima ule miaka, najua ninachosema. Twende wiki ya kwanza ya Machi, kiangazi kinaishia lakini bado kipo

Dogo Eli: Shikamoo baba mdogo. Sasa si Machi nayo mvua zinaanza?

Baba Nai: Marahaba. Zinaanza ndio, ndo maana nasema wiki ya KWANZA. TMA, wale wa hali ya hewa, huwa wanatoa mwelekeo wa masika kabla hazijaanza, tuwasikilize, wakisema Kaskazini zinawahi tunarudisha nyuma hata wiki moja. Wakisema zinachelewa msije mkashangilia mkasema tusogeze mbele, nawajua nyie

Mama Junior: Majirani mayai ya kienyeji yapo, trei nne tu zimebaki, wahi

Baba Junior: Usafiri msihangaike, Noah ipo. Nimebadilisha shokapu zote juzi, tunaingia saba na mabegi juu ya keria

Baba Nai: Baba Junior Noah ni nzuri kutoka Usa River mpaka geti la Ngongongare hata geti la Momella tunakoanzia kupanda kama kumekauka. Shida ni vumbi la kule, udongo wa volkano ule, ukipigwa mvua usiku mmoja tu linakuwa tope linateleza balaa, na zile Fuso za nyanya zinazotoka Ngarenanyuki zinachimba makorongo mawili katikati ya barabara, Noah imekaa chini, sampo utaiacha hapo

Baba Junior: Kweli sampo siwezi kuiacha, bado sijalipa ya fundi 😅

Dogo Eli: Si tukodi Landcruiser basi, na ikishafika Momella ipande nayo ile njia ya gari mpaka kule kwenye mtini ambao gari linapita chini yake, Shangazi na Mama Nai wapunguziwe kutembea. Nimeona picha, mti umefanya tao kabisa

Shangazi wa Mbeya: Hapo sasa mwanangu umenena

Baba Nai: Linafika. Ila ile njia ya gari mbele ya mtini inakata kijito kikubwa juu kidogo ya maporomoko ya Maio, kiangazi dereva anavuka huku anapiga stori, mvua zikishaanza dereva anashuka, anasimama, anaangalia, anarudi kwenye gari anakaa kimya. Na akivuka kwenda haina maana atavuka kurudi. Kitu ambacho watu wa mjini hamkielewi ni kwamba Momella iko upande mkavu wa mlima, unaweza kuwa getini jua linakuunguza, twiga wanakula miiba yao hapo, kumbe juu msituni imepiga toka alfajiri na hayo maji yote yako njiani yanakuja kwako

Mama Nai: Hapo ndo naungana na baba watoto, na kwa gari kuvuka maji mimi sitaki hata kujadili. Mnakumbuka Aprili 2024 lile gari la shule lililosombwa kwenye korongo hapahapa Arusha mjini, watoto wa watu. Korongo ambalo siku zote ni kavu watu wanakatiza kwenda dukani. Maji yakiwa yanapita juu ya barabara gari inasimama, hata kama dereva anasema anaijua njia, hata kama yanaonekana ya kifundoni

Babu: Mama Nai amesema vema.

Baba Junior: 🙏 kweli kabisa

Dogo Eli: Sawa mama nimeelewa, basi gari mwisho getini. Sasa baba mdogo kwa miguu tunapita wapi maana naona njia ziko mbili

Baba Nai: Njia mbili zote zinakutana Miriakamba, kibanda cha kwanza, mita 2,514. Fupi inakatiza mbugani inapanda moja kwa moja, ndefu ni ile ya gari ya mtini, Maio, unazunguka mpaka unaona sakafu ya kreta. Mto Ngare Nanyuki unauvuka dakika chache tu ukishatoka getini. Mimi nashauri tupande kwa ndefu siku ya kwanza, asubuhi, miguu bado mizima, na hali ya maji siku hiyo tunaijua kwa sababu tutamuuliza askari kabla hatujaanza. Kushuka siku ya nne tushuke kwa fupi. Ukiwa umelala juu usiku tatu hujui chini kumenyesha nini, sasa kwa nini ujipeleke kwenye kijito kikubwa msituni wakati kuna njia nyingine

Dogo Eli: Na kama siku ya kwanza tu askari akisema Maio kumejaa?

Baba Nai: Tunapanda kwa fupi. Tutakosa picha ya mtini, basi

Shangazi wa Mbeya: Huyo askari ni wa nini lakini, tutakuwa chini ya ulinzi 😂

Mama Nai: Wifi ni wa nyati. Meru haupandi bila askari wa hifadhi mwenye bunduki, anatembea na nyie mbele. Nyati wako mpaka nyuma ya vibanda usiku, ukienda chooni unamulika kwanza

Shangazi wa Mbeya: Mungu wangu. Magoti yameanza kuuma ghafla

Babu: Nilisema.

Dogo Eli: 😂😂😂

Baba Nai: Sasa kuhusu kuvuka kwa miguu niseme mara moja niwe nimemaliza. Angalia rangi kwanza. Maji ya kawaida kule unaona mawe chini, yakiwa ya kahawia na yanakuja na majani na vijiti, mvua iko juu na yanaongezeka, usiingie. Sikiliza pia, ukisikia mawe yanagongana chini ya maji, hayo yanaburuza mawe, mguu wako ni nini. Chomeka fimbo katikati kisha iangalie, ikipita goti tunakaa tunasubiri, vijito vya kule ni vifupi mlima umesimama, vinajaa haraka na vinashuka haraka, masaa mawili matatu ukirudi unakuta kingine kabisa. Ukiingia fungua mkanda wa begi wa kiunoni na wa kifuani, ukianguka uliache begi liende, watu wengi begi ndo linawazamisha. Unavuka ukiangalia maji yanakotoka, fimbo mbele yako, hatua moja moja. Na msivue viatu!! Vua soksi tu uziweke kavu kwenye mfuko, viatu vibaki mguuni, peku ukikanyaga jiwe lenye ukoga unaenda

Mama Junior: Eeh kumbe kuna shule kamili humu. Mayai zimebaki trei tatu

Baba Junior: Me mwenyewe nilikuwa nakuja na sandozi 😅

Mama Nai: Sandozi utavaa kibandani. Viatu vya kufunga vyenye meno, na gumbuti za siku ya kwanza kama kumenyesha, atakayezibeba ni yeye mwenyewe

Dogo Eli: Ratiba je, tuondoke saa ngapi

Baba Nai: Mvua za mwanzoni zinapenda mchana na jioni kwa hiyo kila kitu tunafanya asubuhi. Usa njia panda saa kumi na mbili kamili asubuhi, sio tunakutana saa kumi na mbili halafu mtu anatafuta vocha. Getini karatasi, malipo, kumsubiri askari, inakula muda. Saa nne tuwe tumeshaanza, saa tisa kumi tumefika Miriakamba hata kwa ile ndefu. Siku ya pili kibanda cha Saddle, mita 3,570, mchana mwenye nguvu anapanda Little Meru mita 3,820 anashuka kulala, inasaidia kichwa kisiume. Usiku saa saba tunaanza kilele, mita 4,562. Anayeumwa kichwa na kutapika anashuka na hatujadili

Dogo Eli: Ila si tunaweza kufanya siku tatu, jamaa zangu wa kazini walishuka kilele mpaka getini siku hiyohiyo

Mama Nai: Eli siku tatu ni ya chalii wenye mapafu yenu. Na ukishuka siku hiyohiyo unafika mtoni jioni, umechoka, mvua ya mchana imeshanyesha, na una haraka ya kurudi nyumbani. Hapo ndo mtu anasema "yanapitika tu". Siku nne

Dogo Eli: Siku nne basi 🙌

Shangazi wa Mbeya: Mimi nimeamua. Nitapanda mpaka Miriakamba nilale hapo na nyati wenu, nyie nendeni mkarudi. Mnipangie tu mtu wa kukaa naye

Babu: Miriakamba ni mbali hiyo, umejitahidi. Wanafunzi wasiende, Machi ni masomo, wabaki na bibi yao hapa.

Mama Nai: Sawa baba. Jamani michango nitumieni mimi, nitaandika majina hapahapa. Hela ya hifadhi na vibanda ilipwe kabla, ya gari tutampa dereva siku hiyo, na tuweke akiba ya siku moja ya ziada, maana tukikaa getini kusubiri maji yapungue nani atalipia chakula

Dogo Eli: Siku ya ziada kazini watanimaliza

Baba Nai: Omba siku tano, ukitumia nne utaonekana mchapakazi

Baba Junior: Basi mimi nafanya hivi, Noah inapeleka watu mpaka Momella na mizigo kama kumekauka. Ila nikiamka usiku nikasikia mvua kwenye bati, saa tisa usiku natuma ujumbe humu kwamba siendi, Landcruiser iwe imeshaongewa tayari. Msije mkaanza kunipigia saa kumi na moja mnanibembeleza

Mama Nai: Imepita hiyo. Eli mtafute dereva wa Landcruiser leo, muulize kabisa kama hakuna mvua hatumhitaji anachukua kiasi gani cha kusubiri

Dogo Eli: Nampigia saivi

Mama Junior: Na mayai ya kuchemsha ya njiani nani anachukua?? Trei mbili

Shangazi wa Mbeya: Niwekee moja. Na gumbuti namba 39 nani anazo