Naomba ushauri: kiwanja cha mita 20 kwa 30, tununue ng'ombe au tuchimbe kisima?

Mama wa Matuta Manne

Ndugu zangu, habari za jioni. Tunaishi pembezoni mwa mji wa Kibaha, mimi na mume wangu, watoto wanne na mama mkwe. Miaka miwili iliyopita tulikubaliana kwamba chochote tunachokula au kukitumia, ambacho kinaweza kutoka ndani ya uzio wetu, kitoke ndani ya uzio wetu. Hatukuamua kwa kufuata mkumbo; tulikaa mwezi mzima tukiandika daftarini kila shilingi inayotoka, tukashtuka kuona kwamba mboga, mayai, mkaa na maji ya boza vinameza fedha nyingi kuliko ada ya mtoto wetu wa kwanza.

Mpaka sasa tuna matuta manne ya mita 1 kwa 6 yenye mchicha, matembele, chainizi na bamia, viroba ishirini vya nyanya na pilipili, migomba sita pale yanapotokea maji ya bafuni, mipapai mitatu, na tangi la lita 5,000 linalokinga maji ya paa. Tangu masika yaanze hadi mwanzoni mwa Julai hatununui mboga za majani. Baada ya hapo tangi hukauka, matuta hugeuka vumbi, nasi tunarudi gengeni kama watu ambao hawajawahi kushika jembe.

Kuku ndio waliotuumiza zaidi. Mwaka jana tulinunua vifaranga chotara hamsini kwa muuzaji aliyetuhakikishia kwamba wamekwisha kupewa chanjo zote. Walikua vizuri mpaka Agosti, kisha asubuhi moja mama mkwe akaniita bandani, nikakuta watatu wamepinda shingo, wengine wamejikunyata pembeni, na kinyesi chao ni cha kijani. Siku ya tano walibaki wanne.

Sasa kikoba chetu kinavunjwa mwezi ujao na tutapata kama shilingi milioni mbili na nusu. Mume wangu anataka ng'ombe mmoja wa maziwa, kwa hoja kwamba atatupatia maziwa, samadi na gesi ya kupikia kwa mpigo mmoja. Mimi nataka kisima. Mama mkwe, ambaye amelima maisha yake yote, anauliza swali moja tu: mahindi tutayapanda wapi? Naomba ushauri wa waliokwisha kupita njia hii.

Mkata Majani

Dada yangu, swali la kwanza si fedha. Ni nani atakayekata majani? Ng'ombe wa maziwa aliyefungwa bandani anahitaji kilo hamsini au zaidi za majani mabichi kila siku, pamoja na ndoo tatu za maji au zaidi, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Majani ya tembo ya kumlisha mwaka mzima yanahitaji karibu ekari nzima, na kiwanja chako chote, nyumba ikiwemo, hakifiki hata moja ya sita ya ekari. Mimi nilimfuga mmoja kwa miaka mitatu nikiwa nafanya kazi mjini. Niliondoka nyumbani alfajiri na kurudi usiku, na kazi yote ikamwangukia mke wangu, ambaye hakuwa ameombwa maoni. Maziwa tulikunywa, sikatai, ila kila lita ilikuwa na mzigo wa majani aliobeba mtu kichwani.

Kuhusu gesi, mitambo ya majumbani kwa kawaida hujengwa kwa wenye ng'ombe wawili au zaidi, kwa kuwa kinyesi cha ng'ombe mmoja hakitoshi kuwasha jiko la familia ya watu saba kutwa nzima.

Fundi wa Gata

Ninaomba vipimo viwili: ukubwa wa paa, na kama gata ziko pande zote mbili.

Mama wa Matuta Manne

Paa lina mita za mraba 120 hivi. Gata iko upande mmoja tu, ule wa mbele.

Fundi wa Gata

Basi hesabu yako ni hii. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kwa hiyo mvua ya milimita 50, ambayo Pwani wakati wa masika hunyesha kwa siku moja bila kumshangaza mtu, inakuletea lita 6,000 juu ya bati. Nusu yake inamwagika nyuma ya nyumba na kuchimba msingi. Tangi lako linajaa kwa mvua mbili, na miezi yote inayobaki ya masika unatazama maji yakipita.

Upande wa matumizi, matuta yako manne ni mita za mraba 24. Kiangazi kila mita inataka kama lita tano kwa siku, ambazo kwa jumla ni ndoo sita. Tangi la lita 5,000 linakupa siku 41. Masika yakiisha mwishoni mwa Mei, unakauka wiki ya kwanza ya Julai, sawasawa na ulivyosimulia. Ukiongeza matangi mawili kama hilo na gata ya nyuma, unapata siku 125, yaani mpaka mwishoni mwa Septemba. Ukitandaza nyasi kavu juu ya matuta na kupumzisha tuta moja wakati wa kiangazi, utazifikia mvua za vuli.

Kisima sikikatazi, lakini kabla hujamlipa mchimbaji, nenda kaonje maji ya visima vya majirani, kwa sababu ukanda wetu una sehemu ambazo maji ya chini ni ya chumvi, na mchicha ukimwagiwa maji hayo miezi miwili utauona unavyoungua kingo za majani. Jambo jingine: funika kila pipa na kila mdomo wa tangi kwa wavu. Waliokuwa Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019 wanaikumbuka homa ya dengi, na mbu wake huzaliana katika maji safi yaliyotuama kama hayo unayoyakinga.

Bibi Mtamio

Nimesoma habari za kuku wako nikasikitika, maana shingo kupinda na kinyesi cha kijani ni dalili za mdondo, na mdondo huvuma zaidi wakati wa kiangazi. Muuzaji huenda hakukudanganya kabisa. Chanjo ya kifaranga hailindi maisha yote. Inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, na inayofaa wafugaji wetu ni ile ya I-2, inayostahimili joto kuliko nyingine na kutiwa tone moja jichoni, dozi ikiwa ile ile kwa kifaranga na kwa jogoo. Hiyo inatengenezwa hapo hapo Kibaha, katika taasisi ya chanjo iliyo chini ya Wakala wa Maabara ya Veterinari. Weka tarehe ukutani, Januari, Aprili, Julai na Oktoba, usisubiri kuku wa jirani waanze kufa.

Kosa la pili ni chotara wenyewe. Wanakua haraka na wanataga vizuri, ila wengi wao hawaatamii, kwa hiyo kila mwaka utarudi kwa muuzaji wa vifaranga, na huko si kujitegemea. Tafuta matetea watano wa kienyeji na jogoo mmoja. Mayai yatakuwa machache, lakini kila tetea atakuangulia vifaranga wake mwenyewe kwa siku 21 bila umeme wala mashine. Samadi yao usiitie mbichi kwenye mboga, inaunguza. Ichanganye na majani makavu na maganda ya jikoni, uiache ioze.

Mzee wa Mlandizi

Naomba kumjibu mama mkwe, kwa kuwa ameuliza swali lililo zito kuliko yote. Mwanangu, mnatumia unga kiasi gani? Familia ya watu saba inayokula ugali kila siku haikosi kilo mbili, nazo kwa mwaka ni kilo 730. Ekari moja iliyotunzwa na mkulima wa kawaida, mvua ikiwa nzuri, hutoa magunia manane hadi kumi ya kilo mia. Kwa hiyo chakula chenu cha nafaka kinahitaji ekari nzima, nanyi mna kiwanja. Msipande mahindi humo hata shina moja, isipokuwa ya kuchoma.

Njia iliyo karibu na kujitegemea ni kununua magunia manane wakati wa mavuno, Julai au Agosti, mahindi yakiwa bei ya chini, na kuyahifadhi katika mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Nailoni zikifungwa sawasawa hewa inakwisha na dumuzi hufa humo humo bila dawa. Lakini mahindi lazima yawe makavu: tia chumvi kavu na mahindi kiasi kwenye chupa kavu, funga, tikisa, uiache dakika kumi na tano, chumvi ikiganda kwenye kioo, yarudishe juani.

Nimwambie na baba mwenye nyumba. Miaka ya themanini, maduka yakiwa matupu, tulifuga ng'ombe Dar es Salaam katika nyumba za serikali, na mishahara yetu ilikuwa midogo kuliko mauzo ya maziwa. Iliwezekana kwa sababu viwanja vitatu mbele yako palikuwa pori na majani ni ya bure. Leo majani yanauzwa kwa mzigo.

Kijana wa Banda

Kwa heshima ya wazee, naona mmemkatisha tamaa mume wa mtu. Mbuzi wawili wa maziwa hawajatajwa, nao wanakula sehemu ndogo tu ya anachokula ng'ombe.

Mama wa Matuta Manne

Nawashukuru sana. Nimemsomea mume wangu majibu yote. Lile la "nani atakayekata majani" lilimnyamazisha kwa muda, kisha akasema mbuzi tuwazungumze mwakani. Tumekubaliana: matangi mawili na gata ya nyuma kwanza, magunia manane Agosti, na kitakachobaki kinunue matetea. Mama mkwe hakutungoja. Jana amepewa na shoga yake tetea mmoja, anaatamia mayai kumi na moja chini ya meza ya jikoni, na hataki ahamishwe. Je, Bibi Mtamio, nimchanje akiwa hapo hapo?

Bibi Mtamio

Mwache kwanza, asije akayakimbia mayai. Wachanje pamoja, mama na vifaranga, baada ya kuanguliwa, ila chanjo uibebe kwenye kibaridi chenye barafu, na chupa ikishafunguliwa uimalize siku hiyo hiyo. Chupa moja ina dozi nyingi, kwa hiyo waite na majirani walete kuku wao, kwani wao wasipochanja, wako hawatakuwa salama.