Piano ya kukanyaga yenye rola za karatasi: ning'oe mashine au niitunze?

MkulimaWaUsa
Wakuu, habari za Jumapili. Marehemu babu alinunua piano kwenye mnada wa shamba la kahawa huku Usa River, mlowezi alipohama. Sasa tunagawana vitu na hiyo imeniangukia mimi. Juu ya kibodi ina kijimlango, ndani kuna upau wa shaba wenye vitundu vimepangwa mstari mmoja. Chini kuna pedali mbili pana zinazokunjuliwa. Sanduku pembeni limejaa karatasi zilizoviringishwa, zimetobolewa matundu marefu na mafupi.

Nikikanyaga inahema tu, noti mbili tatu ndiyo zinalia. Fundi mmoja amenishauri ang'oe mashine yote ya ndani ili iuzike haraka. Shangazi naye anazitaka karatasi za kuwashia jiko. Kuna mwenye uelewa?

Kijenge_Juu
Mkuu, uza. Muziki wa zamani wote upo kwenye simu siku hizi.

FundiVinanda_Moshi
Mdogo wangu wa Usa, kabla ya lolote hamishia hilo sanduku chumbani kwako. Shangazi mtafutie kuni.

Na wewe wa Kijenge, nakukatalia. Kwenye santuri au simu kilichohifadhiwa ni sauti. Kwenye rola, zile zilizorekodiwa na mpigaji mwenyewe, zimehifadhiwa noti alizozibonyeza na muda aliozishikilia, na piano iliyopo mbele yako inazipiga upya kwa nyundo na nyuzi zake yenyewe. Wapo wanamuziki ambao mikono yao hatuna kwa njia nyingine yoyote. Gustav Mahler, mtunzi maarufu wa muziki wa okestra, hakuacha rekodi ya sauti hata moja. Tarehe 9 Novemba 1905 alikaa kwenye piano ya Welte, kampuni ya Kijerumani ya piano za rola, akapiga kazi zake mwenyewe, basi. Na alizipigia Leipzig, mji uleule wa Ujerumani uliotuletea wamisionari wa Kilutheri hapa Uchagani mwaka 1893. Scott Joplin, bingwa wa muziki wa piano wa regitaimu (ragtime) kule Marekani, naye alipiga rola mwaka 1916, akafa mwaka uliofuata bila kurekodiwa kwa njia nyingine. Nikizungumzia vitu hivi siwezi kuzungumza taratibu, mnisamehe.

Sidai kwamba sanduku la babu yako lina Mahler. Rola za Welte za mwanzo zilikuwa karatasi nyekundu, pana kuliko za kawaida. Nyingi zilizosambaa mashambani zitakuwa nyimbo za dansi, za kanisani na za sebuleni. Hata hizo zina thamani, maana ndizo watu walizozisikia majumbani kabla redio haijaingia.

Sasa mashine. Ukikanyaga, mivukuto ya chini inafyonza hewa iliyomo ndani. Karatasi inapita juu ya upau wa shaba, na tundu lake likikutana na kitundu cha upau, hewa ya nje inapenya, inainua kijingozi chembamba, vali inafunguka, kimfuko cha noti hiyo kinafyonzwa hadi kinajikunja na kuisukuma nyundo. Kila noti ina kimfuko chake. Hakuna umeme hapo, ni hewa na miguu yako tu.

Kwa hiyo kuhema unakokusikia ni hewa inavuja. Kitambaa cha mpira kwenye mivukuto kimekauka, na vipira vinavyotoka kwenye upau vimepasuka. Jipime hivi: ziba vitundu vyote vya upau kwa utepe wa karatasi, weka wenzo mahali pa kupiga, kanyaga. Pedali zikiwa ngumu na zikabaki ngumu, hewa inashika. Zikizama bila kazi, inavuja. Angalia na panya, wanapenda ngozi na sufu iliyoshindiliwa ya nyundo kuliko mahindi.

Ukimpata fundi wa kuvalisha mivukuto upya, mwambie atumie gundi ya ngozi ya kupasha moto. Hiyo inafunguka tena baadaye bila kuumiza mbao. Akija na silikoni, mzuie mlangoni. Na usikubali mashine ing'olewe. Ikishatoka hairudi, na unabaki na piano nzito yenye uwazi tumboni.

Rola zilizochanika usizibandike selotepu, gundi yake huyeyuka na kuganda kwenye upau. Tuambie lebo zinasemaje.

MkulimaWaUsa
Shikamoo fundi. Sanduku lipo chini ya kitanda changu tayari. Upana wa karatasi ni inchi 11 na robo. Lebo nyingi zimeandikwa QRS, na mwanzoni mwa karatasi kuna mhuri "Tempo 70", nyingine 80. Pembeni kuna maneno ya wimbo, ila yanasomeka kuanzia chini kwenda juu.

FundiVinanda_Moshi
Marahaba. QRS ni ya Marekani, ilianzia Chicago mwaka 1900. Maneno yanakwenda juu kwa sababu karatasi inateremka unapoimba, ukiwa umekaa utayafuata vizuri tu.

Hesabu matundu ya upau ndani ya inchi moja. Yakiwa 9, piano yako ni ya noti 88, kipimo walichokubaliana watengenezaji kule Buffalo mwaka 1908. Yakiwa 6 ni ya noti 65, ya zamani zaidi, na rola za noti 88 hazitapigika humo ingawa upana ni uleule.

Usitarajie rola hizo zikuletee sauti kubwa na ndogo zenyewe. Kanyaga kwa nguvu, muziki unapanda. Legeza mguu, unashuka. Wewe ndiye unayeupa pumzi, ndiyo maana siiti mashine hii santuri.

Tempo 70 ni futi 7 za karatasi kwa dakika. Mivukuto ikishashika, pima futi 7 kwa futi kamba, weka alama ndogo ya penseli, shika saa. Ikichelewa au ikiwahi, motor ya hewa inayozungusha rola ndiyo ya kurekebishwa, usianze kuhangaika na karatasi.