Nyota akihamia kwa mtani, picha yake ishushwe ukutani?

Mnyama wa Mbagala
Wakuu, heshima kwenu. Kila dirisha la usajili likifunguliwa, matawi yetu ya Simba yanarudia ugomvi uleule. Kiungo wetu Clatous Chama alipotambulishwa Yanga Julai 2024, kuna waliotaka picha zake zishuke matawini siku ileile. Wengine wakasema aliyetufungia dhidi ya Nkana ya Zambia na AS Vita ya Kongo hafutwi. Sasa tawi letu linataka kuandika utaratibu ili tusigombane kila msimu. Tupime vipi kama mchezaji ametukosea au ametafuta riziki tu? Na jezi zenye jina lake zifanywe nini, maana wengi hawawezi kununua nyingine? Naomba wanaojua mikataba, siyo matusi ya watani.

Karatasi Kwanza
Mkuu, swali la kwanza kwenye utaratibu wenu liwe moja: siku anaondoka, mkataba ulikuwa umebakiza muda gani? Mengine yote yanafuata hapo.

Mkataba ukiisha, au ukiwa umebakiza miezi sita au pungufu, kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine. Chama alikwenda Jangwani (Yanga) mkataba wake wa Msimbazi (Simba) ukiwa umekwisha. Kwa hiyo hakuna alichovunja. Hasira ya tawi ilipaswa kwenda kwa viongozi: kwa nini Januari, miezi sita kabla ya mwisho, ilifika bila mkataba mpya mezani? Klabu makini hukaa na nyota wake mwaka mzima kabla. Ikingoja miezi sita ya mwisho, wakala wake ameshaanza kupokea simu za wengine.

Akiuzwa ndani ya mkataba, klabu zote mbili pamoja na yeye wamekubaliana. Usaliti hapo hakuna, swali ni bei tu.

Penye kidonda ni kuvunja mkataba. Aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28, mkataba wake unalindwa kwa misimu mitatu ya mwanzo. Aliyesaini akiwa na 28 na kuendelea ni miwili. Akiondoka bila sababu ya msingi ndani ya muda huo, zaidi ya fidia anaweza kufungiwa miezi minne, au sita kosa likiwa kubwa. (Hukumu ya Mahakama ya Ulaya ya Oktoba 2024, kesi ya Lassana Diarra, iliilazimisha FIFA kurekebisha baadhi ya vifungu vya fidia, kwa hiyo msinakili maelezo ya zamani.)

Kumbukeni Fei Toto, kiungo wa Yanga, Desemba 2022. Aliweka shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga akiamini anajinunua. Kamati ya TFF, shirikisho la soka nchini, ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Kuweka pesa benki peke yake hakuvunji mkataba. Lazima mkataba wenyewe uwe na kipengele hicho, au klabu ikubali. Jambo likaisha Juni 2023 baada ya Rais Samia kuomba wamalizane, akaenda Azam.

Na kabla hamjamwita mtu msaliti, ngojeni karatasi. Mshambuliaji Bernard Morrison aliitwa kila jina mwaka 2020 alipotoka Yanga kwenda Simba. Kesi ikafika CAS, mahakama ya kimataifa ya michezo, na mwaka 2021 Yanga wakashindwa.

Mwananchi Damu
Mimi ni wa upande wa pili, ila nachangia kwa heshima. Mshambuliaji wetu Mayele aliondoka 2023 akiwa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika, mabao 7, akauzwa Pyramids ya Misri. Wengi mtaani walisema Yanga imekwisha. Msimu uliofuata tukachukua ubingwa, tukawafunga watani 5-1 Novemba 5, tukafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa na kutolewa na Mamelodi kwa penalti tu. Aziz Ki akamaliza na mabao 21.

Siri ilikuwa kwamba mabao yaligawanywa. Aziz Ki, Pacome, Maxi na Mudathir walikuwa wakifunga kutoka katikati, kwa hiyo hakutafutwa Mayele mwingine. Shabiki anayedai "leteni kama yuleyule" anamsukuma kiongozi kwenye usajili wa pupa. Ninyi wenyewe msimu wa kwanza baada ya Chama kuja kwetu mlifika fainali ya Shirikisho dhidi ya Berkane ya Morocco.

Bi Mkubwa wa Tawi
Mwanangu, picha iacheni, ila muandike miaka chini yake: 2018 hadi 2021, kisha 2022 hadi 2024. Picha ni kumbukumbu ya kazi iliyofanyika, na ile kazi ilifanywa na jezi nyekundu. Sikubaliani na Karatasi Kwanza kwa jambo moja tu. Mkataba kuisha hakumzuii shabiki kuumia, na utaratibu usiowaachia watu nafasi ya kuumia hautafuatwa. Waacheni wamzomee akigusa mpira siku ya dabi. Mwisho uwe hapo: chupa isirushwe, maana faini inapigwa klabu yetu, yeye halipi hata senti. Familia yake na rangi ya pasipoti yake zisiguswe kabisa. Hilo liandikwe kwa herufi kubwa.

Fundi Jezi Kariakoo
Kuhusu jina mgongoni. Kama ni la kubandikwa kwa joto, linatoka. Geuza jezi ndani nje, tandika kitambaa cha pamba juu ya sehemu ya jina, pasi iwe kwenye alama ya poliesta, bila mvuke. Kandamiza sekunde 10 hadi 15, herufi moja moja. Geuza haraka, chokoa kona kwa kibanio cha nyusi, vuta taratibu ukiilaza herufi sambamba na kitambaa. Ukivuta kwenda juu unachana nyuzi. Ikigoma, rudia joto, usiongeze nguvu. Gundi iliyobaki futa kwa pamba yenye asetoni kidogo, ukianza kujaribu ndani ya pindo, na usiikaribie nembo.

Jezi iliyovaliwa miaka itabaki na kivuli cha jina, kwa sababu kitambaa cha chini hakikupigwa jua. Dawa yake ni kubandika jina jipya lenye herufi pana.

Mnyama wa Mbagala
Fundi, za kwetu nyingi ukipitisha kidole hazina mkwaruzo, jina ni laini kama kitambaa chenyewe.

Fundi Jezi Kariakoo
Hizo wino umeingia ndani ya nyuzi, hazitoki kwa pasi wala asetoni, utaiharibu. Shoneni kipande chekundu juu, kimezidi jina sentimita 3 kila upande, kwa mshono wa zigizaga. Mshono ulionyooka unakatika jezi ikivutika. Kitambaa kiwe poliesta ileile, pamba itajikunja ikifuliwa.